Mimba haingoji muhuri: kisa cha mama wa Mombasa, baba Mjerumani, na mtoto aliyekaribia kuandikiwa baba mwingine

Familia imeniruhusu kukiandika kisa hiki kwa sharti kwamba wasitambulike. Herufi ninazotumia si za majina yao, na mtaa, kazi zao na mji wa Ujerumani nimeviacha nje. Wiki za ujauzito nimeziacha zilivyokuwa, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya wiki.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Pwani. Wanandoa wa mataifa mawili wanaotarajia mtoto hunijia wakiwa na swali moja: tukazalie wapi? Kisa hiki nakitumia kuonyesha kwa nini swali hilo huwa si la kwanza.

## Usuli

Bi. Z ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa. Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mbili, kwa harusi ya kawaida ya mjini, na cheti cha ndoa kikatoka kwa Kadhi. Baada ya miaka minne mume alimwacha. Alitamka talaka mbele ya wazee wawili, kisha akaenda zake Ghuba kutafuta kazi. Bi. Z alikaa eda, akaimaliza, maisha yakaendelea. Hakuna aliyekwenda kuisajili talaka ile.

Bw. K ni Mjerumani, amezaliwa na kukulia Ujerumani na ameajiriwa huko. Walijuana, akasilimu, akaleta posa, mahari ikatolewa, na maalim wa msikiti wa karibu akawafungisha nikaha sebuleni kwa mamake Bi. Z. Mashahidi walikuwepo, walii alikuwepo, biriani ililiwa. Ila maalim yule hakuwa na kibali cha kusajili ndoa, kwa hiyo cheti hakikutoka. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa ya Kiislamu isajiliwe kama ndoa nyingine yoyote. Wao walisema watakwenda baadaye.

Mbele ya Mungu na jamaa, basi, Bi. Z alikuwa mke wa Bw. K. Kwenye makaratasi alikuwa bado mke wa mtu aliyeko Ghuba.

## Yaliyotokea

Wiki ya 14. Walinijia kwa simu, Bw. K akiwa Ujerumani. Walikuwa tayari na mpango: Bi. Z aombe viza ya matembezi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani ikiwemo, aende wiki ya 28, ajifungue huko, mtoto apate pasipoti ya Ujerumani. Maombi walikuwa wameshayapeleka. Niliwauliza ni nani atakayelipia hospitali. Bw. K akajibu kwamba bima ya safari wameshainunua, ile ya euro 30,000 inayotakiwa kwa Schengen. Nilimwomba aisome sera yenyewe. Bima hizo ni za dharura za safarini, na uzazi unaojulikana tarehe yake si dharura. Alisoma, akanyamaza kidogo, akasema hakuliona hilo.

Wiki ya 17. Viza ilikataliwa. Sababu iliyotiwa alama ni kwamba kuna shaka kama mwombaji ataondoka kabla muda wa viza kwisha. Bi. Z alilia sana siku ile. Mimi sikushangaa, kwa sababu viza hiyo ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na wao walikuwa wanapanga kuhamia.

Wiki ya 18. Tulikaa kitako sebuleni kwa mamake, karatasi zote mezani. Hapo ndipo nilipokiona cheti cha ndoa ya kwanza, na nilipouliza cheti cha talaka nikaambiwa, "Talaka si alishatoa?"

Kwenye Kanuni ya Sheria za Kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 1592, baba wa mtoto ni kwanza yule mwanamume ambaye ni mume wa mama siku mtoto anapozaliwa. Asipokuwepo mume, ndipo baba huwa yule aliyekiri ubaba, au aliyethibitishwa na mahakama. Na kifungu cha 1594 kinasema ukiri wa ubaba hauna nguvu maadamu ubaba wa mwanamume mwingine bado upo. Kwa lugha ya sebuleni: Bw. K angeweza kukiri mara mia, na mtoto bado akaandikwa wa yule aliyeko Ghuba. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118, nayo inaelekea huko huko. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 tangu ivunjike ikiwa mama hajaolewa tena, huhesabiwa kuwa wa ndoa ile.

Kwa Bi. Z talaka ilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo siku 280 hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuionyesha.

Wiki ya 19 hadi 29. Tulikwenda mahakama ya Kadhi kuomba talaka ithibitishwe kwa tarehe yake ya kweli. Mzee mmoja kati ya wale wawili alikuwa hai na mwenye kumbukumbu nzuri. Wa pili alikuwa ameshafariki. Mume wa zamani alipatikana kupitia dada yake. Nilitarajia ugomvi. Badala yake alituma hati ya kiapo kutoka huko aliko, pamoja na ujumbe wa sauti akimtakia Bi. Z uzazi salama. Hati ilichelewa wiki tatu kwa sababu ilibidi iapwe mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya. Uthibitisho wa talaka ulitoka wiki ya 29.

Wiki ya 30. Bw. K alikwenda ofisi ya ustawi wa watoto na vijana ya mji wake, akakiri ubaba. Ofisi hizo hufanya kazi hiyo bila malipo, na ukiri unaruhusiwa kabla mtoto hajazaliwa.

Wiki ya 31. Ukiri haukamiliki bila ridhaa ya mama, nayo ridhaa lazima itolewe mbele ya afisa mwenye mamlaka. Bi. Z alipanda treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi na shangazi yake, akafika ubalozi wa Ujerumani, akarudishwa. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho na pasipoti vina matatu, na jina la baba yake limeandikwa kwa "dh" upande mmoja na "z" upande wa pili.

Wiki ya 34. Alikwenda tena akiwa na hati ya kiapo ya majina. Daktari hakupendezwa na safari ile, presha yake ilikuwa imeanza kupanda. Safari hii ridhaa ilipokelewa.

Wiki ya 38. Mtoto wa kike alizaliwa Mombasa kwa upasuaji, kwa sababu ya presha. Bw. K alikuwa amekata tiketi ya wiki ya 39. Alifika mtoto akiwa na siku sita.

## Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Wiki ya 18 njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa kusajili ndoa, kisha Bi. Z aombe viza ya mwenzi. Familia yote iliipenda hii, kwa sababu ndiyo iliyolingana na heshima yao. Lakini viza ya mwenzi wa Mjerumani kwa kawaida inataka cheti cha lugha ya Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, na Bi. Z hakuwa ameanza hata darasa la kwanza. Bw. K naye angehitaji cheti cha nchi yake kwamba hana kizuizi cha kuoa. Na nyaraka za Kenya zilibidi zikaguliwe kwenye chanzo, yaani mtu aende masjala afungue daftari, kazi ya miezi. Hesabu yangu ilionyesha mtoto angetambaa kabla viza haijatoka.

Ya pili ilikuwa kuomba tena viza ya matembezi, pengine kupitia nchi nyingine ya Schengen. Rafiki mmoja wa Bw. K aliwashauri waseme ni utalii na wasitaje ujauzito. Hiyo niliikataa waziwazi, na ningeikataa leo. Uongo kwenye fomu ya viza hukaa kwenye faili, na faili hilo hilo ndilo Bi. Z angelirudia miezi michache baadaye akiomba kuishi na mwanawe.

Ya tatu ndiyo tuliyoishika: mtoto azaliwe Mombasa, ubaba ukiriwe kabla ya kuzaliwa, mtoto aombewe pasipoti ya Ujerumani akiwa Kenya, kisha mama aombe viza kama mzazi wa mtoto Mjerumani. Ilikuwa na faida mbili ambazo Bw. K hakuzijua. Mtoto wa Mjerumani hupata uraia kwa nasaba popote anapozaliwa; baba pekee akiwa ndiye Mjerumani na cheti cha ndoa hakipo, kinachotakiwa ni ubaba utambulike kisheria. Kuzalia Ujerumani kusingemwongezea mtoto huyu uraia hata chembe. Pia mzazi wa mtoto mdogo Mjerumani, chini ya kifungu cha 28 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, hadaiwi cheti cha A1 ili apewe viza ya kwenda kumlea mwanawe huko. Viza yenyewe haina ada.

Uamuzi huu haukupita kirahisi. Mamake Bi. Z aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo karatasi ya kukiri itasema mjukuu wangu ni wa haramu?" Nilimwambia fomu ile inauliza baba ni nani, haiulizi mtoto alipatikana vipi. Jibu langu halikumtosha, na sikuona kosa lolote kwake. Tulimpeleka kwa sheikh wa familia, ambaye alimweleza kwamba nasaba ya mtoto imeshasimama kwa nikaha iliyoshuhudiwa, na karatasi ya serikali ya kigeni haiipunguzii kitu. Alirudi nyumbani akaanza kushona nguo za mtoto. Naieleza hii kwa urefu kwa sababu nimeona familia zikikwama hapo hapo, na mawakili wakidhani wanasumbuliwa na urasimu kumbe kuna bibi ambaye hakuulizwa wala kuelezwa.

## Matokeo

Hospitalini shangazi alikuwa na bahasha yenye nakala ya ukiri wa ubaba, ridhaa ya mama na pasipoti ya baba. Muuguzi aliijaza karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kwa kuzitazama, lakini aligeuza majina ya Bw. K, la ukoo likawa la kwanza. Bw. K alipofika siku ya sita walikwenda pamoja kurekebisha kabla cheti hakijachapishwa. Wangechelewa mwezi mmoja, marekebisho yangekuwa kesi nyingine.

Mtoto ni Mkenya wa kuzaliwa kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, kwa kuwa mamake ni raia, na Ibara ya 16 inaruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine. Pasipoti ya Ujerumani ilitoka akiwa na miezi mitano. Ilichelewa kwa sababu ya jambo ambalo sikulipanga: wazazi wasio na jina moja la ndoa hutakiwa kutoa tamko la jina la ukoo la mtoto aliyezaliwa nje, na tamko hilo hupelekwa masjala ya Ujerumani kabla pasipoti haijachapishwa. Viza ya mama ilitoka mtoto akiwa na miezi minane. Waliondoka pamoja akiwa na miezi tisa.

Baba alimwona mwanawe wiki tatu za mwanzo, kisha wiki mbili za likizo katikati. Hakuona jino la kwanza likitoka. Bi. Z ananiambia mtoto alichukua siku nyingi kukubali kubebwa na babake, na hilo liliwauma wote wawili.

## Uchambuzi

Kilichotuokoa ni cheti cha talaka. Kama tungeendelea kugombana na viza hadi wiki ya 30, mtoto angezaliwa mamake akiwa bado mke wa mtu kwenye makaratasi. Kumwondoa baba wa kisheria baada ya hapo kunataka kesi mahakamani na kipimo cha DNA, na muda wote huo mtoto hana pasipoti na mama hana njia ya kuomba viza. Siku hizi swali langu la kwanza kwa mwanamke yeyote mjamzito mwenye mwenzi wa kigeni ni kama aliwahi kuolewa kabla, na karatasi ya kuachika iko wapi. Huona haya kuliuliza, lakini huliuliza. Wengi Pwani wameachwa kwa maneno matupu na hawajui kwamba serikali bado inawahesabu kuwa wake za watu.

Kukiri kabla ya kuzaliwa kulifaa zaidi ya nilivyotarajia. Baba hakuwepo siku ya uzazi, na bado jina lake liliingia kwenye taarifa ya kwanza. Ukiri ukifanywa baada ya mtoto kuzaliwa bado unafaa, ila kila ofisi inakuwa inangoja nyenzake.

Makosa sasa. La kwanza ni langu: sikulinganisha majina herufi kwa herufi. Nilikuwa na cheti na kitambulisho mkononi tangu wiki ya 18, na sikuviweka ubavu kwa ubavu. Kosa hilo lilimpandisha mwanamke mwenye presha kwenye treni mara mbili, safari ya mwisho akiwa na wiki 34. Siwezi kusema safari ndiyo iliyoleta upasuaji. Najua tu kwamba haikumsaidia, na kwamba ilikuwa safari ya kukwepeka. Tangu hapo naandika majina ya mtu kutoka kila hati kwenye karatasi moja, mstari chini ya mstari, kabla ya kitu kingine.

La pili, tulipanga likizo ya baba kwa kufuata tarehe ya matarajio. Mama akishaanza kuwa na presha, tarehe hiyo si ya kutegemewa. Bw. K angekuja wiki ya 36. Upande wa pili wa sarafu hiyo, kwa wanaopanga mama ndiye asafiri: mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kwenye wiki ya 36 hawakupandishi. Mpango wa kusafiri unaoanzia wiki ya 34 si mpango.

La tatu ni ule ucheleweshaji wa nikaha. Nikaha ikisajiliwa ndani ya mwezi wa kwanza, kwa mwanamke mwenye cheti cha talaka, mtoto anazaliwa kwenye ndoa yenye karatasi na habari ya kukiri ubaba haipo kabisa. Bi. Z angekuwa pia na mwaka mzima wa kujifunza Kijerumani bila tumbo.

## Kama pasipoti zingekuwa nyingine

Wasomaji hupenda kuchukua kisa na kukivaa kama kilivyo, kwa hiyo niseme panapobana.

Mama angekuwa Mtanzania, mtoto angekuwa na uraia wa nchi mbili utotoni tu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inamtaka afikapo miaka 18 achague, na asipoukana ule wa pili anapoteza wa Tanzania. Hilo si la kuamuliwa kliniki, lakini wazazi walijue.

Baba angekuwa Mwingereza, swali la kwanza baada ya lile la talaka lingekuwa: wewe mwenyewe ulizaliwa wapi? Mwingereza aliyezaliwa Uingereza, au aliyepewa uraia kwa kuuomba, humrithisha mwanawe aliyezaliwa Mombasa au Unguja. Lakini aliyezaliwa nje na kuurithi uraia kwa mzazi wake kwa kawaida hawezi kuurithisha tena kwa mtoto anayezaliwa nje. Kwa familia hiyo mahali pa kuzalia ni jambo zito kweli. Ila wakienda kuzalia huko kwa viza ya matembezi, huduma ya uzazi ya hospitali za umma hutozwa asilimia 150 ya gharama. Matibabu ya uzazi hayazuiwi kwa kukosa fedha siku ile, lakini ankara inabaki.

Sheria ya Ujerumani nayo ina kipengele cha namna hiyo. Mjerumani aliyezaliwa nje baada ya tarehe 31 Desemba 1999, akiwa anaishi nje na mtoto wake akazaliwa nje pia, mtoto huyo hapati uraia moja kwa moja. Lazima ombi la kumsajili lipelekwe kabla hajatimiza mwaka mmoja. Bw. K halimgusi. Linamgusa binti yake, aliyezaliwa Mombasa, iwapo siku moja atarudi kuishi huku na kujifungua. Nimewaandikia hilo kwa Kiswahili na Kijerumani kwenye karatasi moja, na Bi. Z ameitia kwenye bahasha ile ile yenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto.